Serengeti Iliyotazamwa kutoka Angani: Majina na Mvua katika Hadithi za Ororo wa X-Men

Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo maalumu la hadithi za katuni liitwalo Giant-Size X-Men namba 1, likiwa limeandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Ndani yake kuna kurasa chache zinazotokea Afrika ya Mashariki. Wanakijiji wanamwendea mwanamke mwenye nywele nyeupe, wanamtolea sadaka na kumlilia ukame. Mwanamke anainua mikono, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Mara anatokea Profesa Xavier, aliyesafiri kutoka Marekani, anamweleza kuwa yeye si mungu bali ni mutanti, na kwamba wajibu wake uko katika ulimwengu mpana kuliko ule. Mwanamke huyo ni Ororo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Storm. Anaondoka, na wanakijiji hawaonekani tena.

Hadithi hizi zimekwisha kuwa za kale kwa mizani ya fasihi pendwa. Chris Claremont, aliyeshika kalamu ya X-Men kuanzia mwaka huohuo wa 1975 hadi 1991, alimjengea Ororo wasifu mrefu: kuzaliwa New York kwa baba Mmarekani mweusi na mama wa Kenya, kuhamia Kairo, kuwa yatima na mwizi wa mitaani, kisha kutembea kwa miguu kuelekea kusini katika nchi ya wahenga wa mama yake. Katika masimulizi yaliyofuata, njia hiyo ilimfikisha Serengeti. Jina hilo limerudiwa mara nyingi mno hata limekuwa sehemu ya wasifu rasmi wa mhusika. Wahakiki wa Marekani wamelijadili sana suala la rangi na jinsi la Ororo. Serengeti yenyewe wameiacha kama ilivyochorwa, yaani mandhari ya nyuma. Makala haya yanaisoma upya Serengeti hiyo kwa kusimama upande wake wa magharibi na kaskazini, katika wilaya za Serengeti na Tarime mkoani Mara. Huko jina hilo si pambo la picha. Ni anwani ya Wanata, Waikoma, Waisenye, Wangoreme na Wakurya.

Hoja inayojengwa ni kwamba udhaifu wa hadithi hizi hauko katika kumdharau Mwafrika. Kwa kweli zilimpa mwanamke mweusi hadhi ambayo katuni za Kimarekani za wakati huo hazikuwa na mazoea ya kuitoa, na kufikia mwaka 1980 Ororo alikuwa kiongozi wa kikosi kizima. Udhaifu uko katika mahali macho ya msimulizi yalipowekwa. Serengeti inatazamwa kutoka angani, na kutoka angani majina hayaonekani.

Kaskazini yenye historia, kusini yenye hali ya hewa

Toleo namba 102 la X-Men, la mwaka 1976, ndilo linalosimulia utoto wa Ororo. Wazazi wake wanakufa Kairo mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, ndege inapoangukia nyumba yao na mtoto kubaki amefukiwa chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake. Hofu yake ya mahali pafinyu inaanzia hapo. Claremont amefanya kazi nzuri. Jeraha la mhusika limefungwa kwenye tukio la kihistoria lenye mwaka, lenye mji na lenye wahusika wanaojulikana. Msomaji akitaka, anaweza kwenda maktaba na kusoma kuhusu vita hivyo.

Safari inapogeukia kusini, tarehe zinakoma. Hakuna mwaka, hakuna serikali, hakuna mpaka. Mpaka wa Kenya na Tanzania, ambao Wakurya wanaujua vizuri kwa kuwa umewakata pande mbili, haumo. Mama anaitwa binti wa kifalme wa Kenya, mwana anakuwa mungu wa Serengeti, na katikati yake hapana forodha. Mtu anaweza kusema kuwa hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya vijana wa Marekani haikuwa na wajibu wa kufuata ramani ya Afrika ya Mashariki. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mwandishi mwenyewe asingeichagua Suez. Aliyeweza kuupa Kairo mwaka wake alikwisha kujiwekea kanuni, naye anahakikiwa kwa kanuni hiyohiyo.

Na kulikuwa na historia ya kutosha. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ikapangwa upya. Wamaasai waliokuwa wakichunga humo wakaelekezwa Ngorongoro, na jamii za magharibi zikajikuta nje ya mbuga walizokuwa wakiwinda na za makazi ya zamani ambayo bado yana majina ya koo zao. Katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kaskazini mwa mto Mara, nalo likaongezwa hifadhini, na safari hii waliobanwa walikuwa Wakurya. Wakati Ororo anachorwa akileta mvua, Tanzania ilikuwa inatoka katika ukame wa 1973 hadi 1975, na katika mkoa wa Mara watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Watu waliolilia mvua mwaka ule walikuwapo kweli. Walikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, walikuwa na deni la mbegu, na baadhi yao walikuwa ndiyo kwanza wanajenga upya nyumba walizobomolewa.

Kwa nini basi Serengeti ya Marvel haina hata mmoja wao? Jibu halihitaji kutafutwa ndani ya ofisi za Marvel. Serengeti iliyofika Marekani ilikuwa imekwisha kuondolewa watu kabla ya Cockrum kushika penseli. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga hizo kwa ndege ndogo wakihesabu wanyama; Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ikapata tuzo ya Oscar. Tangu hapo, kwa mtazamaji wa mbali, Serengeti ni kitu kinachoonwa kutoka juu: nyumbu kama siafu, kivuli cha ndege juu ya nyasi. Ororo anayeruka juu ya mbuga amerithi jicho hilo. Hata jina lenyewe, linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda mpana, linamfaa mtu anayetazama upana. Anayekaa ndani ya upana huo hulitaja bonde, kilima na mto mmoja mmoja.

Ororo, Mjnari na kanuni za silabi

Majina ndipo mahali ambapo hadithi hizi zinajisaliti waziwazi zaidi, na inashangaza kwamba wanaisimu wa Kiswahili hawajayavamia. Kwa mujibu wa hadithi, jina Ororo lina maana ya uzuri. Lugha inayotoa maana hiyo haitajwi. Kiswahili kina kivumishi -ororo, chenye maana ya laini: ngozi nyororo, mto mwororo, kitambaa chororo. Hakuna ushahidi kwamba mwandishi alilijua neno hili, na huenda mfanano ni wa bahati tu. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kulisikia. Mwanamke wa radi na tufani, kwa sikio lake, anaitwa Laini. Kejeli hiyo haikukusudiwa, lakini inafanya kazi nzuri kuliko tafsiri rasmi, kwa kuwa hadithi bora za Ororo ni zile ambazo ngurumo yake imenyamazishwa.

Mama yake ameandikwa N'Dare. Kiswahili hutumia ritifaa kutenganisha ng' na ng, na hapo ina kazi ya kifonolojia. Katika N'Dare haina kazi. Sauti nd ni ya kawaida kabisa katika lugha za Kibantu, wala haihitaji kukatwa katikati. Ritifaa hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya T'Challa, W'Kabi na N'Jadaka katika hadithi za Black Panther, ambazo Don McGregor aliziendeleza katika Jungle Action kuanzia 1973. Ni alama ya kumwambia msomaji wa Kiingereza kuwa jina hili ni gumu, lipite upesi. Wakanda nayo, iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, ina kiambishi cha watu lakini ni jina la nchi. Mswahili akiirekebisha kwa utaratibu wa Mganda na Uganda ataipata nchi iitwayo Ukanda, na huo ni utani ambao lugha imeutoa bure.

Jina la kushangaza kuliko yote ni Mjnari, mzee anayejitokeza katika toleo namba 198 la mwaka 1985. Mfuatano jn hauwezekani katika Kiswahili, wala si rahisi kuupata katika lugha yoyote ya Mara, ambazo nazo hupenda silabi wazi. M ya mwanzo inaweza kusimama kama silabi peke yake, kama katika mji au mjumbe, lakini j inayofuata inadai irabu na hapa imenyimwa. Kando ya mzee huyo yupo msichana mjamzito anayeitwa Shani, na hili ni neno halisi la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, linalotaja jambo la ajabu au la nadra. Mjnari na Shani wanakaa katika kijiji kimoja na wanazungumza lugha moja, lakini majina yao hayawezi kutoka katika mfumo mmoja wa sauti. Mwandishi alikuwa na kamusi kwa jina moja, na kwa jina la pili alikuwa na sikio lake mwenyewe.

Hata hivyo hapa pana jambo la kumsifu. Katika kurasa za 1975 wanakijiji ni umati. Miaka kumi baadaye wana majina, hata kama moja halitamkiki. Kilichobadilika ni kwamba Ororo ameshuka chini.

Ororo atembeapo kwa miguu

Katika toleo namba 185 Ororo alipoteza nguvu zake kwa silaha iliyobuniwa na Forge. Claremont, akishirikiana na mchoraji Barry Windsor-Smith, alitoa hadithi mbili juu ya hasara hiyo: Lifedeath, toleo namba 186 la 1984, na mwendelezo wake katika namba 198. Katika hiyo ya pili Ororo amerudi Afrika akiwa mtu wa kawaida. Hawezi kuruka. Anatembea, anaumia, anaona kiu. Anakutana na Shani, anafika naye kijijini, anasaidia kuzalisha mtoto ambaye karibu apotee, na anamsikiliza Mjnari akieleza jinsi ardhi yao ilivyochoka. Windsor-Smith amechora vumbi, mikunjo ya ngozi na uchovu wa mabega kwa subira isiyo ya kawaida katika katuni za aina hii. Kwa mara ya kwanza Afrika ya X-Men ina umbali unaopimwa kwa hatua. Kama ni lazima kuchagua toleo moja la kumpa mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua chochote kuhusu Ororo, ni hili.

Ndiyo maana kosa lake linauma zaidi. Fumbo la hadithi ni kwamba kijiji kinaishi kwa kulinda mizania: ardhi inabeba idadi fulani ya watu, basi anayezaliwa anadai nafasi ya anayekufa. Mtoto wa Shani akiisha kupumua, Mjnari anautoa uhai wake. Hadithi inalitoa jambo hili kama hekima ya kale ya Kiafrika, na Ororo analipokea kama somo.

Ukilipeleka somo hilo Tarime halipiti. Wakurya wana mikondo miwili ya vizazi, amakora. Mmoja una Abasai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Wa pili una Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma. Mtoto huingia katika kundi linalofuata lile la baba yake, na mzunguko ukiisha jina la kwanza hurudi. Mwana wa Omomaina ni Omosai, kama alivyokuwa baba wa babu ya babaye kabla yake. Malcolm Ruel aliueleza utaratibu huu mapema katika miaka ya 1960, na wazee wa pande zote mbili za mpaka wanaujua bila Ruel. Ni hesabu ya vizazi, na mtu akipenda anaweza kuiita mizania. Lakini kinachozunguka ni majina na madaraka. Mzee hampishi mjukuu kwa kufa. Humpisha kwa kusogea, akibaki hai ili amtambue mjukuu huyo ni wa kundi gani na amsalimie inavyopasa. Jamii inayohesabu hivyo inamhitaji Mjnari asubuhi ya kuzaliwa mtoto kuliko siku nyingine yoyote.

Mizania ya Mjnari imetoka kwingine. Kitabu cha Paul Ehrlich juu ya bomu la idadi ya watu kilitoka mwaka 1968 na kilisomwa sana Marekani. Mwaka 1985 ulikuwa wa njaa ya Ethiopia na wa matamasha ya hisani, na Marvel yenyewe ilitoa Heroes for Hope, toleo la X-Men la kuchangia waliokumbwa na njaa Afrika. Katika hali hiyo, kuuona upungufu wa chakula kama wingi wa vinywa kulikuwa kwepesi kuliko kuuona kama vita, bei au sera. Na kuna chanzo kingine kilicho karibu zaidi na Serengeti. Kusema kwamba eneo fulani lina uwezo wa kubeba idadi fulani na kinachozidi lazima kipungue ni lugha ya wahifadhi wanapozungumzia nyumbu. Hadithi imeichukua hesabu ya wanyama, iliyofanywa kutoka angani, ikaiweka kinywani mwa mzee wa kijiji. Ororo ameshuka chini, lakini mawazo anayofundishwa huko chini bado yanaruka.

Mwenye mvua wa Ikizu

Yote haya yangekuwa lawama za kijografia tu kama eneo hilo lisingekuwa na simulizi yake ya mwanamke mwenye mvua. Inayo. Waikizu, ambao nchi yao leo imo wilayani Bunda, magharibi tu mwa wilaya ya Serengeti, wanasimulia kuwa utemi wao ulianza na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa na siri ya mvua. Alikutana na Isamongo, mwindaji mwenye siri ya moto. Wakashindana, mvua ikashinda moto, na kutokana na mashindano hayo pakawa na maafikiano: ndoa, mgawanyo wa mamlaka, na utemi uliokwenda kwa mwenye mvua. Watawala wa mwanzo katika orodha ya watemi wa Ikizu ni wanawake. Simulizi hii imeandikwa kwa Kiswahili na wenyeji P. M. Mturi na S. Sasora katika Historia ya Ikizu na Sizaki, na ni miongoni mwa maandiko ya wazee wa Mara ambayo Jan Bender Shetler aliyahariri na kuyachapisha mwaka 2003.

Nyakinywa na Ororo wanafanana kwa sura: wote ni wageni, wanawake, na wanatawala mawingu. Wanatofautiana katika jambo ambalo sarufi ingeliita uelekezi. Kitenzi cha Ororo hakina yambwa. Ananyesha tu, wanaonyeshewa wanaweza kuwa yeyote. Kitenzi cha Nyakinywa kina yambwa na kina kauli ya kutendana: ameshindana, wameafikiana, wameoana. Nguvu zake zinampa madai juu ya watu, na zinawapa watu madai juu yake. Mvua isiponyesha, mtemi wa mvua huulizwa. Hawezi kuja mgeni asubuhi moja akamwambia kuwa wajibu wake uko kwingine, akafungasha.

Mtaalamu wa utendi atamkumbuka Fumo Liyongo. Naye hakudhurika kwa silaha za kawaida, lakini kifo chake kilipangwa ndani ya ukoo na kikawaachia watu wa mji wake deni la majonzi. Shujaa wa simulizi za Kiafrika ya Mashariki mara nyingi ana nguvu zipitazo za binadamu, ila nguvu hizo hukaa ndani ya mtandao wa jamaa. Pengine ndiyo sababu katuni za Kiswahili hazikuhangaika kumtafuta shujaa arukaye. Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, na baadaye Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika Sani, wanaishi kwa ulimi na ujanja, na majirani zao wanawajua mno wasiweze kuwasujudia.

Si kwamba Claremont alipaswa kumjua Nyakinywa. Maandiko ya Mturi na Sasora hayakuwa mikononi mwa mtu wa New York mwaka 1975. Leo yamo mikononi mwa wahakiki wa Kiswahili, nao hawajayasoma kama nathari. Yanatajwa na wanahistoria, tena kwa Kiingereza. Mtindo wake wa kupishanisha nasaba na mazungumzo, jinsi anavyotajwa mtu pamoja na mwamba alikokaa, na Kiswahili chake kilichobeba sauti za Kiikizu haujapata hata tasnifu moja inayolingana na uzito wake. Wakati huohuo mwanafunzi wa Mugumu aliye na simu anaweza kumpata Ororo kwa dakika moja, na kuambiwa kuwa mungu wa mvua wa Serengeti alikuwa wa kwanza wa aina yake.

Atakapotokea mtu wa kulifasiri toleo namba 198 kwa Kiswahili, tatizo litaanza katika ukurasa ambao Mjnari anatajwa. Akiliacha jina kama lilivyo, kila msomaji atajikwaa na kukumbuka kuwa kijiji hiki hakipo. Akilitia irabu, Mjinari, mzee atakuwa mtu wa kuweza kuitwa kwa sauti kutoka upande wa pili wa boma, lakini atakuwa amepewa uraia ambao maneno yake mwenyewe kuhusu mtoto wa Shani hayawezi kuutetea. Jina Ororo ni jepesi zaidi. Linatamkika lilivyo, na mfasiri hatakuwa na la kufanya ila kumwachia msomaji alisikie.